Nat King Cole: Mwimbaji aliyeondoka runingani kwa kukosa mdhamini

Jumatatu jioni ya Novemba 5, 1956, siku moja tu kabla ya Wamarekani kupiga kura za kumchagua rais, shirika la utangazaji la NBC lilimkabidhi mwanamuziki mmoja dakika kumi na tano za ratiba yake. Ilikuwa saa moja na nusu kwa saa za New York, wakati ambapo katika nyumba nyingi chakula cha jioni ndicho kwanza kimemalizika na taarifa ya habari ya saa mbili kasorobo inangojewa. Katika robo saa hiyo alitokea kwenye skrini mwanamume mweusi, mrefu, nadhifu, mwenye sauti iliyoteleza kama hariri. Jina lake lilikuwa Nat King Cole.

Hakuwa mtu wa kutambulishwa. Santuri zake zilikuwa zimeuzwa kwa mamilioni, na hapakuwa na jimbo la Marekani ambako nyimbo zake hazikuchezwa. Lililokuwa geni usiku ule ni nafasi aliyopewa. Watazamaji walizoea kumwona mtu mweusi akija kuimba nyimbo mbili tatu katika vipindi vya wengine, kisha apigiwe makofi na kuondoka. Cole hakuja kama mgeni. Alikuja kama mwenyeji, mwenye kipindi kilichobeba jina lake, akiwakaribisha watu sebuleni mwao wenyewe. Kipindi hicho kilidumu mwaka mmoja na wiki chache, kikahamishwa mara mbili, kisha kikazimika bila kupata kampuni hata moja kubwa ya kukidhamini nchi nzima kwa muda wa kutosha.

Nathaniel Adams Coles alizaliwa Machi 17, 1919, mjini Montgomery, jimbo la Alabama. Babake, Edward, alikuwa mhubiri wa kanisa la Kibaptisti, na mamake, Perlina, ndiye aliyepiga kinanda kanisani na kumfundisha mwanawe. Nathaniel alikuwa na umri wa miaka minne familia ilipohamia Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa Kusini waliokimbia umaskini na sheria za ubaguzi. Huko, akiwa kijana wa shule, alivutiwa mno na piano ya Earl Hines, mwanajazi aliyekuwa akitamba katika kumbi za mji huo. Muziki wa kanisani aliupata nyumbani. Wa mitaani aliutafuta mwenyewe.

Mnamo 1937 alijiunga na kundi lililozunguka na tamthilia ya muziki iitwayo Shuffle Along. Ziara hiyo ilivunjikia Long Beach, jimbo la California, na kumwacha akitafuta riziki kwa kupiga piano katika baa za Los Angeles. Kutokana na dhiki hiyo ndipo alipounda kundi la watu watatu: yeye kwenye piano, Oscar Moore kwenye gita na Wesley Prince kwenye besi. Hawakuwa na mpiga ngoma, jambo ambalo wakati ule lilionekana kama kasoro. Jina la King, yaani mfalme, lilitokana na wimbo wa watoto wa Kiingereza unaomtaja mfalme aitwaye Cole. Lilimganda hadi kaburini.

Wanaomkumbuka kwa nyimbo za mapenzi pekee husahau kwamba kwanza kabisa alikuwa mpiga piano, tena wa daraja la juu. Oscar Peterson na Ray Charles, magwiji waliokuja baadaye, walijifunza mengi kwake. Kuimba kulikuja polepole. Mnamo 1943 alijiunga na Capitol, kampuni changa ya santuri iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kurekodi Straighten Up and Fly Right, wimbo uliotokana na ngano ambayo babake aliitumia katika mahubiri. Wimbo huo ulivuma nchi nzima mwaka uliofuata. Ikafuata The Christmas Song mwaka wa 1946, Nature Boy mwaka wa 1948, Mona Lisa mwaka wa 1950 na Unforgettable mwaka wa 1951. Capitol ilipohamia katika jumba lake la mviringo la orofa 13 huko Hollywood mwaka wa 1956, watu walilipa jina la utani la nyumba iliyojengwa na Nat.

Redioni mambo yalimwendea vyema. Kati ya 1946 na 1948 kundi lake lilikuwa na kipindi cha robo saa kila wiki kwenye redio ya NBC, kikidhaminiwa na Wildroot, watengenezaji wa mafuta ya nywele. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kampuni iliyowauzia wateja weupe ilikubali kulipia kipindi cha watu weusi watatu, na haikufilisika. Lakini redio husikika tu. Miaka kumi baadaye, sauti ile ile ilipoambatana na uso, wadhamini waliingia mitini.

Ubaguzi haukuwa jambo geni kwake. Mnamo 1948, muda mfupi baada ya kufunga ndoa na mwimbaji Maria Hawkins Ellington katika kanisa la Abyssinian mtaani Harlem, alinunua nyumba katika mtaa wa kifahari wa Hancock Park, Los Angeles. Majirani walikutana, wakaunda umoja na kujitolea kuinunua tena nyumba hiyo ili aondoke. Walipomweleza kwamba hawakutaka watu wasiofaa mtaani mwao, aliwajibu kwa upole kuwa hata yeye hakuwataka, na kwamba akimwona yeyote wa aina hiyo atakuwa wa kwanza kulalamika. Alikaa katika nyumba hiyo hadi mwisho wa maisha yake.

Baya zaidi lilitokea Aprili 10, 1956, miezi saba kabla ya kipindi chake cha runinga kuanza. Akiwa jukwaani mjini Birmingham, katika jimbo lake la kuzaliwa la Alabama, akiimba mbele ya wasikilizaji weupe watupu, wanaume kadhaa waliruka jukwaani, wakamvamia na kumwangusha. Waliumiza mgongo wake kabla ya polisi kuwatia mbaroni. Washambulizi hao walihusishwa na kundi lililopinga usawa wa watu weusi na weupe, na baadhi yao walifungwa gerezani.

Badala ya kupewa pole pekee, Cole alijikuta akishutumiwa na watu wake mwenyewe. Magazeti ya watu weusi yalimlaumu kwa kukubali kuimba katika ukumbi uliowatenga. Viongozi wa NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi, walimkosoa hadharani, na baadhi ya wenye baa waliondoa santuri zake. Naye alijitetea kwamba alikuwa amezishtaki hoteli zilizomkatalia vyumba na kwamba aliwasaidia kwa fedha waliosusia mabasi ya Montgomery. Hatimaye alijiandikisha kuwa mwanachama wa maisha wa NAACP. Lakini lawama zile zilimkaa moyoni. Alikuwa mtu mtulivu, asiyependa makelele, na wakati ule utulivu ulianza kuonekana kama woga.

Ili kuelewa kilichompata runingani, ni lazima kwanza kuelewa jinsi ratiba ya runinga ya Marekani ilivyopangwa. Nchi hiyo haikuwa na shirika moja la serikali. Mashirika ya kibiashara ya NBC, CBS na ABC ndiyo yaliyogawana jioni. La nne, DuMont, lilikufa katikati ya miaka ya hamsini. Mashirika hayo yalimiliki vituo vichache tu. Vituo vingine vingi katika miji mikubwa na midogo vilikuwa vya watu binafsi, vilivyofunga mikataba ya kurusha vipindi kutoka New York, na kila kituo kilikuwa na uhuru wa kukikataa kipindi kisichokipenda.

Aidha, dakika za jioni hazikuwa za shirika hasa. Tangu enzi ya redio, kampuni ya sabuni, sigara au magari ilinunua nusu saa nzima, na mara nyingi wakala wake wa matangazo ndiye aliyeandaa kipindi chenyewe, akachagua wasanii na hata maneno waliyoyasema. Shirika lilikodisha saa kama mwenye nyumba anavyokodisha vyumba. Msimu mpya ulianza kila Septemba, majira ambayo waunda magari nao walizindua magari mapya. Aliyetaka kujua nani ana nguvu Marekani hakuhitaji kusoma kitabu cha siasa. Ratiba ya wiki ya runinga ilimtosha.

Na nguvu hizo zilikuwa zikikua kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 1950 ni nyumba 9 hivi katika kila 100 zilizokuwa na runinga. Kufikia 1960 zilikuwa 87. Kampuni iliyokuwa na kipindi kizuri saa nzuri iliingia katika karibu kila sebule nchini kwa usiku mmoja.

Cole hakuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kipindi chake, ingawa wengi huandika hivyo. Mpiga piano Hazel Scott alikuwa na kipindi kwenye DuMont mwaka wa 1950, kikakatizwa baada ya miezi michache alipotajwa miongoni mwa walioshukiwa kuunga mkono ukomunisti. Mwimbaji Billy Daniels alipata nafasi kwenye ABC mwaka wa 1952, nayo haikudumu. Lakini hakuna aliyekuwa na umaarufu wa Cole. Hoja ilikuwa rahisi: kama yeye, mtu aliyependwa na weusi na weupe, mwenye adabu hata wapinzani wake walikiri, angeshindwa, basi nani angeweza?

NBC ilianza bila mdhamini, ikitumai kwamba watazamaji wangemvuta mmoja. Mkono mtupu haulambwi, na kila mtu katika jengo la NBC alilijua hilo. Kampuni moja iliingia kwa muda mfupi, ikatoka. Kampuni nyingine ya vipodozi inasemekana ilieleza kwamba mtu mweusi hawezi kuuza rangi ya midomo, jambo lililomkera sana Cole. Sababu iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa Kusini: mawakala wa matangazo walihofia kwamba wateja weupe wa huko wangesusia bidhaa ya kampuni yoyote ambayo jina lake lingeonekana karibu na uso wa mtu mweusi. Hakuna aliyewahi kuijaribu hofu hiyo kwa muda mrefu aone kama ni ya kweli. Ilitosha kuwepo.

Nyakati zenyewe hazikumsaidia mtu mwoga. Kipindi kilipoanza, watu weusi wa Montgomery, mji aliozaliwa Cole, walikuwa bado wanatembea kwa miguu badala ya kupanda mabasi yaliyowatenga. Siku nane tu baadaye, Novemba 13, 1956, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba utengano ndani ya mabasi hayo ulikiuka katiba. Vituo kadhaa vya Kusini vilikikataa kipindi cha Cole moja kwa moja. Kilipoonyeshwa, kilipambana na Robin Hood kwenye CBS, kipindi kilichopendwa na watoto, na saa moja na nusu ni saa ambayo watoto ndio wenye runinga.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. NBC haikukizima kipindi hicho kwa haraka kama ambavyo ingefanya kwa vingine. Julai 1957 ilikiongeza kikawa cha nusu saa na kukihamishia Jumanne saa nne usiku. Lakini tazama nafasi yenyewe: saa nne ya Jumanne ilikuwa ya The $64,000 Question, shindano la maswali la CBS ambalo tangu 1955 lilikuwa limewashika Wamarekani kama homa. Kumweka Cole hapo ilikuwa sawa na kumpa mtu duka bure katika barabara isiyopitwa na watu.

Hapo ndipo wasanii wenzake walipoonyesha walivyomthamini. Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Mel Tormé, Sammy Davis Jr., Tony Bennett na Mahalia Jackson walikuwa miongoni mwa waliokuja kuimba naye, wengi wao wakikubali ujira wa chini kabisa ulioruhusiwa na chama cha wasanii, kiasi ambacho kwa kawaida wangekicheka. Nelson Riddle, mpangaji wa miziki ya Frank Sinatra, ndiye aliyeongoza okestra. Kwa ubora wa muziki, ni vipindi vichache vya enzi hiyo vilivyoweza kukifikia. Cole mwenyewe alikataa kandarasi za kumbi za usiku zilizomlipa vizuri zaidi ili apate nafasi ya kukifanya.

Kwa kuwa hakukuwa na mdhamini wa taifa, NBC ilijaribu njia nyingine. Kila mji uliruhusiwa kutafuta mdhamini wake, hivi kwamba New York kipindi kililipiwa na bia ya Rheingold na miji mingine ikapata kampuni zake. Njia hii ilithibitisha kwamba bidhaa ziliweza kuuzwa kando ya Cole bila mbingu kuanguka. Ila fedha za vipande vipande hazikutosha kulipia nusu saa ya jioni. Aidha, ziliufanya msimamo wa kampuni kubwa uonekane wazi zaidi: si kwamba hazikuweza, zilikataa.

Kulikuwa pia na vikwazo visivyoandikwa popote. Mwenyeji mweusi alipaswa kuwa mwangalifu asisimame karibu mno na mgeni mweupe wa kike, wala kumshika mkono kwa namna ambayo ingewaudhi watazamaji fulani. Leo kanda za kipindi hicho zikitazamwa, huonekana mtu mwenye starehe kabisa, anayetabasamu na kutania. Ni mpaka mtazamaji aangalie miguu na mikono ndipo anapotambua jinsi kila hatua ilivyopimwa.

Septemba 1957, mwanzoni mwa msimu mpya, NBC ilikirudisha kipindi saa moja na nusu, safari hii siku ya Jumanne na kwa nusu saa. Ilikuwa nafasi bora kuliko ile ya kiangazi, ingawa ABC iliweka hapo hadithi za wachunga ng'ombe wa Magharibi ambazo ndizo zilizokuwa zikiteka nchi. Mwezi uo huo, mjini Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa weusi walizuiwa kuingia shuleni, na Jumanne ya Septemba 24 Rais Dwight Eisenhower akatuma wanajeshi kuwalinda. Kampuni iliyokuwa ikisitasita kumdhamini mwimbaji mweusi ilipata sababu nyingine ya kuendelea kusitasita.

Kufikia majira ya baridi, hesabu zilikuwa wazi. Wateja wengine walikuwa tayari kuinunua Jumanne saa moja na nusu kwa fedha taslimu. NBC ilimpendekezea Cole nafasi nyingine, ya bei nafuu: Jumamosi saa moja jioni. Katika majimbo ya kati, ambako saa ziko nyuma, hiyo ingekuwa saa kumi na mbili, wakati watu hawajarudi majumbani. Ratiba ya runinga ina lugha yake, na kwa lugha hiyo Jumamosi saa moja ilimaanisha buriani isiyo na aibu kwa mwenye kuitoa.

Cole alikataa. Huenda huu ndio uamuzi mkubwa zaidi wa maisha yake ya kazi, ingawa hauna wimbo wala santuri. Mtu aliyelaumiwa mwaka mmoja kabla kwa kukubali kila alichopewa, safari hii aliondoka mwenyewe. Kipindi cha mwisho kilirushwa Jumanne, Desemba 17, 1957. Wiki iliyofuata, mkesha wa Krismasi, nusu saa ile ilichukuliwa na Treasure Hunt, mchezo wa kubahatisha zawadi. Ulikuwa na wadhamini.

Februari 1958 alieleza sababu zake katika jarida la Ebony, lililosomwa sana na Wamarekani weusi. Hakuilaumu NBC, alikiri kwamba shirika hilo lilimsimamia zaidi ya ilivyohitajika kibiashara. Hakuwalaumu watazamaji wa Kusini pia. Lawama aliielekeza kwa kampuni za matangazo za New York, mahali ambapo hapakuwa na sheria yoyote ya kuwatenga watu weusi, bali wanaume wastaarabu katika ofisi nzuri waliokubaliana kimyakimya. Kwa mtu aliyezoea kutomuudhi yeyote, yalikuwa maneno makali, na yalikuwa ya kweli.

Jambo ambalo pengine alilifurahia ni lililotokea baadaye mwaka huo. The $64,000 Question, shindano lililomfunika Jumanne zile za kiangazi, liliporomoka pamoja na mengine ya aina yake baada ya kufichuka kwamba baadhi ya washindani wa mashindano hayo walikuwa wakipewa majibu au kusaidiwa ili wapendwao na wadhamini waendelee kushinda. Liliondolewa hewani Novemba 1958. Kashfa hiyo ilizipa NBC, CBS na ABC kisingizio cha kuwanyang'anya wadhamini ratiba. Tangu hapo mashirika yalizidi kuandaa na kupanga vipindi yenyewe, na kampuni zikauziwa dakika moja moja ndani ya kipindi kilicholipiwa na wengi. Katika mfumo huo kampuni moja ikiondoka kwa hofu, kipindi hakifi. Kama ungekuwapo mwaka wa 1956, hadithi ya Cole ingekuwa nyingine kabisa. Ulimkuta ameshaondoka.

Yeye alirudi kwenye kumbi na studio. Mwaka wa 1958 aliigiza filamu ya St. Louis Blues kama mtunzi W. C. Handy, akarekodi nyimbo kwa Kihispania zilizompa wapenzi wengi Amerika ya Kusini, na mapema 1961 alikuwa miongoni mwa wasanii katika sherehe za kuapishwa kwa Rais John F. Kennedy. Nyumbani yeye na Maria waliwalea watoto watano: Carole na Kelly waliowapanga, Natalie, na pacha Casey na Timolin waliozaliwa 1961. Sigara hakuiacha kamwe; aliamini kwamba moshi ndio ulioipa sauti yake ule ukwaruzo mtamu. Mwishoni mwa 1964 alipatikana na saratani ya mapafu. Aliaga dunia Februari 15, 1965, huko Santa Monica, California, akiwa na umri wa miaka 45.

Septemba mwaka huo huo NBC ilianza kuonyesha I Spy, tamthilia ya kijasusi ambayo mmoja wa nyota wake wawili, Bill Cosby, alikuwa mtu mweusi. Mwaka wa 1968 shirika hilo hilo likaweka kwenye ratiba Julia, ya mwigizaji Diahann Carroll. Natalie naye alikuwa mwimbaji mkubwa, na mwaka wa 1991 aliunganisha sauti yake na ya marehemu babake katika Unforgettable, wimbo uliotuzwa Grammy mwaka uliofuata. Natalie aliaga dunia Desemba 31, 2015.

Kuhusu ile saa moja na nusu, iliwahi kupata mwenyeji mwingine mweusi. Septemba 1970 NBC ilimpa mchekeshaji Flip Wilson Alhamisi, kuanzia saa moja na nusu, kwa saa nzima. Kipindi chake kilikuwa na wageni, muziki na vichekesho, sawa na cha Cole, na katika msimu wake wa kwanza kilishika nafasi ya pili kwa watazamaji nchini Marekani. Wadhamini hawakukosekana. Mwaka uliofuata tume ya serikali inayosimamia utangazaji ilitekeleza kanuni iliyoyapunguzia mashirika makubwa saa za jioni, ili vituo vya mijini vipate nafasi ya vipindi vyao. Wilson alisogezwa hadi saa mbili kamili, na ile nusu saa iliyompokea na kumtoa Nat King Cole ikaondolewa mikononi mwa NBC. Kanuni yenyewe ilifutwa mwaka wa 1996, lakini vituo havikuirudisha.